Pembembili na Maumbo Yaliyofumba: Uhakiki wa Fasili Mbili za Jiometri

I

Miaka michache iliyopita nililetewa mswada wa orodha ya istilahi za jiometri, nikaombwa niusome kwa jicho la mtu wa lugha. Sikuulizwa juu ya hisabati yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kutazama kama maneno yameundwa sawasawa, kama upatanisho wa kisarufi umefuatwa, na kama fasili zaeleweka. Niliusoma kwa muda wa juma moja, nikasahihisha nukta na vituo, nikatia saini. Sasa naona kwamba mlikuwamo fasili mbili ambazo haikunipasa kuzipitisha, na makala haya nimeyaandika ili nieleze kwa nini.

Fasili ya kwanza ilisema kwamba poligoni ni umbo bapa lililofungwa na pande nyofu tatu au zaidi. Ya pili ilihusu maumbo ambayo wanahisabati wa Ulaya huyaita kwa neno litokalo katika Kilatini *degenerare*. Mswada uliyaita poligoni potofu, ukaeleza kwamba ni yale yaliyopungukiwa na sifa za poligoni ya kweli, mathalani umbo lenye pembe mbili, ambalo haliwezekani kuwapo. Fasili zote mbili zimeandikwa kwa Kiswahili safi, na ndiyo sababu zilinipita. Lakini ukizisoma pamoja utaona kwamba ya kwanza yajiwekea mpaka, kwa kuwa yasema juu ya umbo bapa tu. Na ya pili yausahau mpaka huo, ikatoa hukumu juu ya maumbo yote ya ulimwengu.

Jambo hili si dogo. Orodha ya istilahi ikisha kupigwa chapa huingia katika vitabu vya shule, na kutoka vitabuni huingia katika mitihani. Mwanafunzi atakayejibu kinyume cha orodha atakosa alama, hata kama jibu lake ni la kweli. Tena atajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya hisabati ndogo tu, na kwamba akitaka kuyajua yaliyo mbele hana budi kuiacha. Sisi tunaoziunda istilahi hizi tutakuwa tumemfundisha hivyo kwa mikono yetu wenyewe.

II

Natuanze na uso bapa, ambako mswada unajiona kuwa na nguvu. Mtu achukue vijiti vitatu vyenye urefu wa inchi 3, 4 na 5, aviunge ncha kwa ncha, atapata pembetatu. Kisha kijiti cha inchi 5 akiondoe, mahali pake atie kimoja cha inchi 6. Bado ni pembetatu, ila imelala zaidi. Akitia cha inchi 7, vile vijiti viwili vifupi vitalala kabisa juu ya kirefu, kwa kuwa 3 na 4 ni 7. Akitia cha inchi 8, ncha hazitakutana tena. Basi pale penye 7 ni kizingiti baina ya pembetatu zinazowezekana na zisizowezekana. Vipeo vitatu vipo, na pande tatu zipo, bali hakuna eneo ndani. Kanuni ya Heron ya kutafuta eneo kwa urefu wa pande tatu haikwami hapo. Nayo yatoa jibu la sifuri, ambalo ndilo jibu la haki.

Pembembili ya uso bapa ni ndugu yake. Twaa nukta mbili, A na B. Chora upande mmoja kutoka A hadi B, na wa pili kutoka B kurudi A. Kwa kuwa juu ya bapa baina ya nukta mbili hupita mstari mnyofu mmoja tu, upande wa pili hauna pa kwenda ila juu ya ule wa kwanza. Eneo lake ni sifuri, na pembe zake zote mbili ni sifuri. Sasa tazama kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huijua: jumla ya pembe za poligoni ni idadi ya pande, ukitoa 2, mara nyuzi 180. Pembetatu hupata nyuzi 180, pembenne hupata 360. Ukiweka 2 mahali pa idadi ya pande utapata 0, yaani ile ile hali tuliyoiona katika mchoro. Kanuni haikuvunjika.

Lakini ukiweka 1 utapata nyuzi 180 chini ya sifuri, na hakuna pembe ya namna hiyo katika poligoni ya kawaida. Hapo kanuni yatuonya kwamba pembemoja haiwezi kuwapo juu ya bapa: mstari mnyofu ulioondoka katika nukta moja haurudi tena. Kumbe hata juu ya bapa kuna hali mbili zilizo mbali mbali. Pembembili ipo, ila pande zake zimelaliana. Pembemoja haipo kabisa. Mswada umezitia zote katika kapu moja la upotofu, na kwa kufanya hivyo umepoteza tofauti ambayo kanuni ya darasani inaionyesha.

III

Mtetezi wa mswada ataweza kunijibu kwamba mpaka huu wa pande tatu ni wa kale, na kwamba umetoka kwa Euclid mwenyewe. Jibu hilo lastahili kupimwa. Katika kitabu cha kwanza cha Elements, kilichoandikwa kwa Kiyunani karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, fasili ya 14 yasema kwamba umbo ni kile kilichozungukwa na mpaka mmoja au zaidi. Fasili ya 19 yayagawa maumbo ya mistari nyofu: yenye pande tatu, yenye pande nne, na yenye pande zaidi ya nne. Ni kweli kwamba hesabu yaanzia tatu.

Mtu wa lugha ataona mara moja kwamba katika fasili hiyo Euclid amehesabu pande. Kiswahili kimefuata njia nyingine. Twasema pembetatu, pembenne, pembetano; sisi twahesabu pembe. Waarabu nao husema *muthallath*, yaani kilichofanywa kuwa tatu, bila kutaja kama ni pembe tatu au pande tatu. Katika maumbo ya kawaida tofauti hii haina madhara, kwa sababu idadi ya pembe na ya pande ni moja. Hata hivyo yafaa kuikumbuka, kwa kuwa yatuonyesha kwamba jina la umbo ni uchaguzi wa wasemaji, nao uchaguzi huo hauwezi kuamua lipi lipo na lipi halipo.

Kuna na usemi mwingine unaonasibishwa na Euclid, usemao kwamba mistari nyofu miwili haizungushi nafasi. Usemi huu umo katika baadhi ya nakala za kale miongoni mwa kanuni za jumla. Heiberg, mhariri wa chapa kuu ya Kiyunani iliyoanza kutoka mwaka 1883, aliuhesabu kuwa nyongeza ya watu wa baadaye, ijapokuwa hoja yenyewe imeguswa pia katika uthibitisho wa nne wa kitabu hicho. Tuseme kwamba ni wake. Bado ni usemi juu ya mistari iliyo katika bapa, na Euclid hakuwa mtu wa bapa peke yake. Ameacha kitabu kingine, Phaenomena, kinachohusu mzunguko wa nyota, na humo mbingu zatazamwa kama tufe. Mtu aliyeandika vitabu viwili hivyo alijua kwamba kila uso una desturi zake.

Menelaus wa Alexandria, aliyeandika juu ya tufe karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, ni shahidi bora zaidi. Asili ya Kiyunani ya kitabu chake imepotea, nacho kimetufikia kwa njia ya Kiarabu. Yeye aliifasili pembetatu ya juu ya tufe kuwa imezungukwa na sehemu za duara kuu, kisha akaweka sharti kwamba kila sehemu iwe fupi kuliko nusu ya duara. Kwa sharti hilo aliziacha nje pembembili. Lakini sharti alilitamka waziwazi, na msomaji ajua kwamba mlango umefungwa na mtu kwa sababu ya kazi iliyo mbele yake. Hilo ndilo lililokosekana katika mswada wetu.

IV

Natuingie sasa juu ya tufe. Huko mstari mnyofu hauwezi kuwa kama wa ubao wa darasani. Mahali pake hushikwa na duara kuu, yaani duara ambalo kituo chake ni kituo cha tufe lenyewe, kwa sababu njia fupi kupita zote baina ya nukta mbili hufuata duara la namna hiyo. Ikweta ni duara kuu, na kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu.

Twaa sasa ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Baina yao hakuna mstari mnyofu mmoja tu. Iko mingi isiyo na idadi, na yote ina urefu mmoja. Chagua miwili. Umepata umbo lenye vipeo viwili, pande mbili nyofu, na eneo la kweli ndani yake. Mtu anayekata ganda la chungwa kwa kisu kutoka juu hadi chini huchora pembembili kwa kila mikato miwili, wala haoni ajabu. Ikiwa pembe ya katika ncha ni nyuzi 15, umbo hilo ni sehemu moja ya 24 ya tufe zima. Uso wa dunia una kadiri ya kilomita za mraba milioni 510. Basi pembembili moja ya nyuzi 15 ina kadiri ya milioni 21.

Umbo hili tunaishi ndani yake. Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ulipochagua longitudo ya Greenwich kuwa mwanzo wa hesabu, uliwarahisishia watu kuigawa dunia katika kanda 24 za saa, na kila ukanda kwa asili yake ni pembembili ya nyuzi 15. Saa ya Afrika Mashariki ni ya longitudo ya 45, na pembembili yake kwa hesabu tupu ni kutoka nyuzi 37 na nusu hadi 52 na nusu mashariki. Dar es Salaam, iliyo katika nyuzi 39 na kidogo, imo ndani. Nairobi, iliyo karibu na nyuzi 37 bila kuzifika, iko nje kidogo, lakini serikali zimeweka mipaka ya saa kwa manufaa ya watu wake. Twazoea kusema kwamba wageni wamekuja kutoka pembe nne za dunia. Wapimaji wa saa wameridhika na mbili.

Pembembili hii si mapambo tu. Mwaka 1629 Albert Girard alichapisha kanuni kwamba eneo la pembetatu ya juu ya tufe hupatikana kwa ziada ya pembe zake juu ya nyuzi 180. Uthibitisho unaofundishwa mara nyingi ni huu: endeleza pande tatu za pembetatu mpaka ziwe duara kuu tatu, utapata jozi tatu za pembembili, na jozi hizo hufunika tufe lote. Pembetatu yenyewe imefunikwa mara tatu, na ile inayoielekea upande wa pili wa tufe imefunikwa mara tatu pia. Mahali pengine pote pamefunikwa mara moja. Ukitoa kilichozidi, eneo la pembetatu hubaki mkononi. Kwa maneno mengine, pembetatu ya tufe imepimwa kwa pembembili. Mswada umemkana mwenye kipimo, ukamkubali aliyepimwa.

Sasa rudi kwenye kanuni ya jumla. Juu ya tufe, eneo la poligoni huenda pamoja na ziada ya jumla ya pembe zake juu ya kile ambacho poligoni ya bapa yenye pande hizo ingekuwa nacho. Kwa pembembili, poligoni ya bapa ina sifuri. Kwa hiyo pembe zake zote ni ziada, na eneo latoka sawasawa na lile la ganda la chungwa. Je, pembemoja? Mtu aondoke Nanyuki, ambako ikweta hupita, aelekee mashariki bila kugeuka, na tuseme kwamba bahari na milima havimzuii. Baada ya kilomita zipatazo 40,000 atarudi Nanyuki. Amechora umbo lenye upande mmoja na kipeo kimoja, na pembe ya kipeo hicho ni nyuzi 180, kwa sababu hakukata kona. Kanuni ya bapa iliipa pembemoja nyuzi 180 chini ya sifuri. Ziada ya nyuzi 180 juu ya hesabu hiyo ni nyuzi 360, na hiyo ni nusu ya tufe barabara. Jibu lile ambalo juu ya bapa lilikuwa kama kosa la mwandishi, juu ya tufe lina mahali pake.

Yatupasa pia kutia mpaka, tusije tukafanya kosa la mswada kwa upande wa pili. Juu ya tufe si kila pembembili iliyo wazi. Ukichagua nukta mbili zisizoelekeana, mathalani Lamu na Kilwa, njia fupi baina yao ni moja tu, na pembembili ya njia hiyo italala kama ya bapa. Nayo pembetatu yenye vipeo vitatu katika duara kuu moja yaweza kuwa tupu, au yaweza kuzunguka ikweta yote, ikawa na pembe tatu za nyuzi 180 na nusu ya dunia ndani yake. Hali ya umbo hutegemea uso lilipochorwa, na njia lililoifuata juu ya uso huo.

V

Kuna hoja moja ya mtetezi ambayo nimeiheshimu. Asema kwamba mwalimu hana budi kufunga mlango mahali fulani. Akiruhusu kila umbo la ajabu, hakuna kanuni itakayosimama. Imre Lakatos, mwanafalsafa aliyezaliwa Hungaria mwaka 1922 na kufa London mwaka 1974, aliichunguza tabia hii katika Proofs and Refutations, iliyotoka kwanza kama makala mwaka 1963 na 1964, kisha kama kitabu mwaka 1976. Alionyesha jinsi wanahisabati, kila walipoletewa mfano uliovunja kanuni, walivyoibadili fasili ili mfano ule uonekane kuwa zimwi lisilostahili kuingia.

Kanuni aliyoitumia Lakatos ni ile ambayo Euler alimwandikia Goldbach mwaka 1750: katika maumbo mango ya kawaida, vipeo ukitoa kingo ukiongeza nyuso, jibu ni 2. Hoja ya mwalimu yaweza kupimwa hapa hapa. Chungwa lililochorwa mikato 10 kutoka ncha hadi ncha lina vipeo 2, kingo 10 na nyuso 10. Jibu ni 2. Ikweta yenye nukta moja ina kipeo 1, kingo 1 na nyuso 2; jibu ni 2 tena. Kama haya ni mazimwi, basi ni mazimwi yenye adabu: yamekuja nyumbani, yamevua viatu, na hayakuvunja kitu. Mlango uliofungwa kwa kuogopa kwamba kanuni itaanguka ulifungwa bure.

VI

Limebaki neno lenyewe. Kilatini *degenerare* kina maana ya kutoka katika jinsi au ukoo wa mtu, kuwa duni kuliko wazee wako. Wanahisabati wa Ulaya wamelitumia muda mrefu hata ukali wake umefifia masikioni mwao. Sisi hatuna zoea hilo. Tukilitafsiri kwa potofu, ovu au iliyoharibika, msomaji wetu atasikia lawama nzima nzima, kwa kuwa kitu kipotofu ni kitu kilichopaswa kunyoka na hakikunyoka. Pembembili ya bapa haikupotoka. Pande zake ni nyofu kabisa, na unyofu wao ndio uliozilaza pamoja.

Kiswahili kina kitenzi kinachoeleza tukio hili bila lawama: *fumba*. Ua la usiku lililofumba halikufa. Petali zake zimelaliana, na mahali pengine au saa nyingine litafumbuka. Watu wa pwani waliita *fumba* mkeka uliokunjwa na kushonwa kingo uwe kama mfuko wa kulalia: nyuso mbili zilizolazwa pamoja, na nafasi baina yao husubiri mwenye kuingia. Basi napendekeza tuseme poligoni iliyofumba kwa ile ambayo pande zake zimelaliana hata eneo likatoweka, na poligoni wazi kwa ile yenye eneo. Pembetatu ya inchi 3, 4 na 7 imefumba. Pembembili ya bapa imefumba. Pembembili ya kutoka ncha hadi ncha i wazi. Neno moja latuonyesha kwamba ni umbo lile lile katika hali mbili.

Ama pembembili na pembemoja, hayahitaji kuombewa ruhusa. Kanuni ya kuyaunda ni ile ile ya pembetatu. Nomino *pembe* yataka *mbili* yenye nazali yake katika wingi wa ngeli hiyo, na nazali hiyo hiyo imetoweka mbele ya *t* katika *tatu* na *tano*. Msemaji yeyote akiyasikia atayaelewa, na kama kitu hakikuwahi kutajwa, huo si ushahidi kwamba hakipo.

Kama mswada ule ungerudishwa mezani kwangu leo, ningeandika ukingoni hivi. Poligoni: umbo lililozungukwa na pande zilizo nyofu kwa desturi ya uso linapochorwa, zikikutana katika vipeo vilivyo sawa na pande kwa idadi, juu ya bapa, poligoni iliyo wazi ina pande tatu au zaidi, juu ya tufe, yaweza kuwa na mbili, na hata moja. Fasili hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mwalimu wa darasa la chini aweza kuisoma nusu yake tu. Lakini nusu atakayoiacha haitamgeuka mwanafunzi wake atakapokua.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Pembembili tulimtazama akicheza ugenini, juu ya karatasi bapa, tukamcheka, tukamwandikia katika orodha kwamba hajui kucheza. Kwao ni juu ya tufe. Saini yangu imo katika hukumu ile, na kwa makala haya naifuta.